Kupanga vita vya medani mbili: anza na medani itakayongoja

Tarehe 31 Julai 1914, Jenerali Franz Conrad von Hötzendorf, mnadhimu mkuu wa jeshi la Austria-Hungaria, alimuuliza mkuu wake wa usafiri wa reli, Kanali Johann Straub, swali ambalo lilipaswa kuulizwa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Jeshi la Pili lilikuwa limeshaanza kupakiwa kwenye mabehewa kuelekea kusini, kupigana na Serbia. Sasa Urusi nayo inaingia vitani. Je, treni zinaweza kugeuzwa ziende Galicia, jimbo la Austria-Hungaria la kaskazini-mashariki linalopakana na Urusi? Straub alijibu kwamba zikigeuzwa sasa reli yote itavurugika. Afadhali ziendelee hadi kusini, askari washuke, kisha wapakiwe upya.

Ndivyo ilivyofanyika. Askari wale walifika kwenye kingo za mito ya Sava na Danube. Baadhi yao walinaswa kwenye mapigano ya Šabac, mji wa Serbia, na waliobaki wakaanza kupanda treni tena kuanzia tarehe 18 Agosti. Walipofika Galicia mapigano makubwa yalikuwa yameshaanza bila wao. Tarehe 3 Septemba Warusi waliuchukua Lemberg, mji mkuu wa Galicia.

Nimeanza na Conrad kwa sababu hakuwa mjinga, na mpango wake haukuwa mbaya hata kidogo, kama nitakavyoonyesha mbele. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeketi mbele ya ramani: ofisa aliyeko kozi ya unadhimu, mtafiti wa historia, mchezaji wa michezo ya vita anayetaka kuelewa anachokifanya. Nimesimamia mazoezi ya ramani mara nyingi, na kosa ninaloliona ni lilelile. Watu hukesha wakiipanga medani wanayotarajia kushinda, halafu ile nyingine wanaipa nusu saa ya mwisho, macho yameshachoka. Mimi nawaomba waanze na ile nyingine. Mpango wa medani mbili husimama au kuanguka kwenye medani inayongoja.

Hatua ya kwanza: amua nani angoje, na uandike

Njia mbili zilimshinda fisi. Methali tunaijua sote, lakini nchi haipati kila mara nafasi ya kuikwepa njia panda. Ikishakuwa pale, kazi yako ni kuchagua mguu utakaotangulia, na uchague kabla ya siku yenyewe.

Jiulize maswali matatu juu ya kila medani. La kwanza ni la kina cha ardhi: adui akisonga kilomita 20, atakuwa amefika wapi? La pili ni la kasi: atachukua siku ngapi kukusanya nguvu zake na kuanza kupiga? La tatu ndilo zito kuliko yote: kile utakachopoteza huku, je, kinaweza kurudishwa baadaye?

Tazama Oktoba 1973, Misri na Syria zilipoishambulia Israeli mchana mmoja. Kwenye miinuko ya Golan Israeli ilikuwa na vifaru vipatavyo 177 mbele ya vifaru vya Syria vilivyozidi elfu moja. Miinuko ile ina upana wa kilomita 20 na ushei, na chini yake ni bonde la mto Yordani na makazi ya raia. Upande wa kusini, kati ya Mfereji wa Suez na mpaka wa zamani, kulikuwa na jangwa la Sinai, karibu kilomita 200. Sinai ilikuwa na kina cha kununulia muda na Golan haikuwa nacho. Kwa hiyo divisheni ya akiba ya Musa Peled, iliyokuwa mkononi mwa makao makuu, ilipelekwa kaskazini. Kufikia tarehe 10 Oktoba Wasyria walikuwa wamerudishwa nyuma ya mstari walioanzia. Baada ya siku chache za kusukuma ndani ya Syria, uzito ukahamia kusini, na usiku wa tarehe 15 Waisraeli wakaanza kuuvuka Mfereji.

Swali la tatu ndilo lililomwongoza Admirali Harold Stark, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, alipoandika waraka wake wa Novemba 1940. Aliona kwamba Uingereza ikianguka Marekani itabaki bila mahali pa kuanzia kuirudisha Ulaya, ilhali maeneo yatakayopotea kwenye Pasifiki yanaweza kukombolewa baadaye. Akapendekeza nguvu kubwa zielekezwe upande wa Atlantiki na upande wa Japani ujilinde tu. Huu ulikuwa mwaka mzima na zaidi kabla Japani haijaishambulia Pearl Harbor. Shambulio lilipotokea, hasira yote ya taifa ilielekea Japani, lakini uamuzi ulikuwa umeshaandikwa watu wakiwa wametulia.

Ukishayajibu maswali hayo, andika maneno haya kwenye karatasi moja, bila kuyapamba:

*Medani hii itangoja kwa siku kadhaa, na idadi yake ni hii. Katika siku hizo kamanda wake ameruhusiwa kupoteza ardhi hadi mstari huu. Hataongezewa askari hata akiomba, isipokuwa litokee jambo hili.*

Jaza nafasi zote tatu: idadi ya siku, mstari, na jambo. Moja ikibaki tupu, huna mpango bado. Karatasi hiyo ibandike ukutani, maana hatua zote zinazofuata zinairudia.

Hatua ya pili: wasome maadui kama watu wawili

Kwenye ramani maadui wote wawili hupakwa rangi nyekundu, na jicho linaanza kuwaona kama mtu mmoja mwenye mikono miwili. Mara nyingi si hivyo. Kila mmoja ana lengo lake, hofu yake, na kiasi alicho tayari kulipa.

Mwaka huohuo wa 1973, Misri ilitaka kuvuka Mfereji, kushika ukanda wa ng'ambo na kukaa chini ya kivuli cha makombora yake ya kutungulia ndege. Syria ilitaka Golan yote irudi. Misri ilipokwisha kuvuka ilisimama, na katika siku zile za kusimama Israeli ikapata nafasi ya kuimaliza kazi ya kaskazini. Misri ilipoamua kusonga tena tarehe 14 Oktoba, ili kuipunguzia Syria mzigo, vifaru vyake vilitoka nje ya kivuli kile na vikapata hasara kubwa.

Kwa hiyo kwa kila adui andika: anataka nini hasa, atasimama wapi akikipata, na mwenzake akilemewa atamsaidia kwa gharama gani. Hata ndani ya jeshi moja mwanya huwepo. Mwezi Agosti 1914 majeshi mawili ya Urusi yaliingia Prussia ya Mashariki, jimbo la Ujerumani, la Jenerali Rennenkampf na la Samsonov, na kati yao palikuwa na maziwa ya Masuria. Hawakushikana mikono, tena walituma amri kwa redio bila kuzificha kwa mafumbo. Wajerumani walisikia kila kitu.

Hatua ya tatu: jaribu kuifunga medani moja kabla ya risasi

Hii ni kazi ya wanadiplomasia, lakini mpangaji asiyeiweka kwenye mpango wake anajinyima silaha ya bei nafuu kuliko zote. Bismarck, chansela wa Ujerumani, aliweka mkataba wa siri na Urusi mwaka 1887 ili Ujerumani isije ikajikuta katikati. Waliomrithi waliuacha ufe mwaka 1890, na miaka minne baadaye Urusi na Ufaransa zilikuwa washirika.

Umoja wa Kisovieti ulilifanya jambo hili kwa uangalifu wa ajabu. Mwaka 1939 ulikuwa ukipigana na Japani huko Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia na Manchuria. Makubaliano ya kusimamisha mapigano yalifikiwa Moscow tarehe 15 Septemba, na tarehe 17 Jeshi Jekundu likaingia Poland. Halafu Aprili 1941 ukatiwa saini mkataba wa kutoshambuliana na Japani, miezi miwili tu kabla Ujerumani haijavamia. Mkataba peke yake haukutosha kumpa mtu usingizi, ndiyo maana taarifa za jasusi Richard Sorge kutoka Tokyo, kwamba Japani haitaishambulia Siberia, zilikuwa na thamani kubwa. Liweke hili kwenye mpango: mkataba unakupa ruhusa ya kupunguza walinzi, na macho yaliyo ndani ya nyumba ya jirani ndiyo yanayokuambia upunguze wangapi.

Hatua ya nne: pima njia kwa saa, si kwa rula

Hapa ndipo ninapopenda kukaa sana. Katika zoezi moja kijana hodari aliyekuwa akiongoza upande wa bluu aliona medani ya mashariki inayumba. Akanyoosha mkono, akaokota kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la kikosi cha magharibi, akakiweka mashariki. Sekunde mbili. Nilimwomba akirudishe, nikampa penseli na karatasi, nikamwambia: sasa kihamishe kwa treni.

Fanya hesabu pamoja nasi. Mwaka 1914 kikosi kizima cha Kijerumani chenye divisheni mbili kilihitaji treni zipatazo 140. Tuseme reli yako inapitisha treni 40 kwa siku. Tangu treni ya kwanza hadi ya mwisho kuondoka ni siku tatu na nusu, yaani saa 84. Tuseme safari ni kilomita 1,000 na treni ya kijeshi inakwenda kilomita 25 kwa saa. Hizo ni saa 40. Treni ya mwisho itafika saa ya 124, siku tano na ushei. Lakini kabla ya hapo askari lazima wajinasue kutoka walipo, mwingine achukue mahandaki yao, wafike stesheni: siku mbili. Wakifika washushe farasi na mizinga, watembee hadi kwenye mstari wa mbele: siku mbili nyingine. Jumla ni siku tisa. Vikiwa vikosi viwili kwenye reli ileile, ni karibu siku 13.

Kijana yule aliitazama karatasi muda mrefu. Medani yake ya mashariki ilikuwa imebakiza siku nne.

Tarakimu hizi zangu ni za mfano, wewe weka zako: malori, barabara, madaraja yanayobeba vifaru na yasiyobeba, meli, ndege. La msingi ni kwamba kila mshale kwenye ramani uandikwe saa zake pembeni. Mshale usio na saa ufute.

Jenerali Moltke mdogo, mnadhimu mkuu wa Ujerumani, alilipa gharama ya mshale wa namna hiyo. Mwishoni mwa Agosti 1914, akidhani upande wa magharibi unakwenda vizuri, alitoa vikosi viwili kutoka mrengo wake wa kulia nchini Ubelgiji, akavipeleka Prussia ya Mashariki. Walipokuwa njiani mapigano ya Tannenberg yalipiganwa na kwisha, tarehe 26 hadi 30 Agosti. Siku chache baadaye, kwenye mto Marne, mrengo uleule wa kulia ulipungukiwa na watu. Askari wale hawakupigana Tannenberg wala Marne, walikuwa ndani ya mabehewa.

Anayekaa katikati ya maadui wawili ana faida moja: njia zake ni fupi kuliko zao. Faida hiyo ni ya kweli pale tu njia inapokuwa tayari. Mapema Novemba 1914 Waingereza walipanga kuipiga Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa pande mbili, kikosi kimoja kikishambulia Longido kutoka nchi kavu, kingine cha watu wapatao 8,000 kikishuka Tanga kutoka baharini. Meli zilionekana Tanga asubuhi ya tarehe 2. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwapakia askari wake kwenye reli ya Usambara, njia moja nyembamba kutoka upande wa Moshi, akawateremsha Tanga kabla adui hajajipanga. Akiwa na watu kama elfu moja aliwarudisha majini kufikia tarehe 5, na kule Longido shambulio lilikuwa limeshakwama tarehe 3. Bila reli ile, kukaa katikati kungekuwa kuzingirwa tu.

Hatua ya tano: gawa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la kuzuia, kwenye medani inayongoja. La pili ni la kupiga, kwenye medani iliyotangulia. La tatu ni akiba isiyo na medani. Hapa ndipo Conrad anapostahili heshima yake. Aligawa jeshi hivyohivyo: fungu dogo la Balkan, fungu kubwa la kuikabili Urusi, na fungu la katikati lenye divisheni kama 12 ambalo lingekwenda popote panapohitajika. Wazo lilikuwa zuri. Kilichokosekana nitakieleza kwenye hatua ya saba.

Anza kuhesabu kutoka fungu la kuzuia, uliza ni kiasi gani *kidogo kabisa* kitashika kwa siku zile ulizoandika ukutani. Tumia mito, maziwa, milima, ngome, mabomu ya ardhini, chochote kinachofanya kazi ya askari bila kula chakula. Kisha ongeza kidogo, maana siku zile hazitakuwa kama ulivyozihesabu. Wajerumani walitarajia Urusi ichelewe kujikusanya. Rennenkampf alivuka mpaka tarehe 17 Agosti, mapema kuliko walivyodhani.

Sasa jambo ambalo mipango mingi hulisahau: mchague vizuri kamanda wa medani inayongoja, na umweleze ukweli wote. Huyu ndiye mtu aliye peke yake kuliko wote katika vita. Ataona adui mkubwa kuliko yeye, ataomba msaada, hataupata. Jenerali Prittwitz, aliyekuwa akilinda Prussia ya Mashariki na jeshi moja, alishtuka baada ya mapigano ya Gumbinnen tarehe 20 Agosti, akapiga simu makao makuu akisema atarudi hadi nyuma ya mto Vistula. Alikuwa anakaribia kuitoa nchi yote kwa hofu ya jioni moja. Aliondolewa, wakaja Hindenburg na Ludendorff. Walipofika walikuta ofisa wa hapohapo, Max Hoffmann, ameshaanza kupanga namna ya kumwacha Rennenkampf na kumgeukia Samsonov kwa msaada wa reli. Watu walikuwa walewale na ardhi ileile, lakini safari hii walishinda, huko Tannenberg.

Mwandikie kamanda huyo barua yake mwenyewe. Mwambie ardhi gani aiache bila kulaumiwa, ardhi gani aifie, na kwa nini anaachwa peke yake. Mtu anayejua kwamba kuachwa kwake ni sehemu ya mpango huvumilia kuliko anayedhani amesahauliwa.

Hatua ya sita: orodhesha vitu visivyogawanyika

Askari hugawanyika. Kuna vitu ambavyo ukivigawa nusu kwa nusu, kila nusu inakuwa haina kazi: meli za kuteremshia vifaru pwani, ndege za mizigo, ndege za kujaza mafuta angani, betri za makombora ya kujikinga, vikosi vya madaraja, wachambuzi wanaojua lugha ya adui. Vita vya medani mbili hukwamia hapa mara nyingi kuliko kwenye idadi ya bunduki.

Mwaka 1944 Washirika walikuwa na mamilioni ya askari, lakini meli za kuteremshia vifaru zilikuwa haba kiasi kwamba uvamizi wa kusini mwa Ufaransa, uliokusudiwa kwenda sambamba na ule wa Normandy mwezi Juni, ulisogezwa hadi tarehe 15 Agosti. Normandy yenyewe ilikuwa imesogezwa kutoka Mei hadi Juni, na sababu mojawapo ilikuwa kungoja viwanda vitoe meli za mwezi mmoja zaidi. Wakati huohuo Pasifiki nayo ilikuwa ikizitaka meli za aina ileile.

Kwa kila kitu kwenye orodha yako andika kipo wapi siku ya kwanza, kinahama siku gani, na nani ana mamlaka ya kukihamisha. Na andika pia gharama ya kukihamisha ghafla. Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 1973 jeshi la anga la Israeli lilikuwa limeanza operesheni iliyofanyiwa mazoezi kwa muda mrefu, ya kuvunja makombora ya Misri. Habari za kutisha zikaja kutoka Golan, ndege zikaambiwa ziache na zigeukie makombora ya Syria. Taarifa za mahali yalipo makombora yale zilikuwa zimepitwa na wakati, kwa kuwa yalishahamishwa. Ndege 6 za Phantom zilipotea, na upande wa kusini kazi ilibaki haijafanyika. Geuza ikibidi, lakini uwe umejua mapema kwamba kitu kilichogeuzwa ghafla hufika kikiwa nusu ya kilivyoondoka.

Hatua ya saba: tafuta siku ya mwisho ya kugeuza

Rudi kwa Conrad. Akiba yake ya divisheni 12 ilikuwa na uhuru wa kwenda kusini au kaskazini, lakini uhuru huo ulikuwa na tarehe ya mwisho, na yeye hakuiandika popote. Uhamasishaji dhidi ya Serbia uliamriwa tarehe 25 Julai. Dalili kwamba Urusi haitakaa kimya zilikuwepo tangu siku hizohizo. Aliendelea na mpango wa kusini kwa sababu ndio alioutaka moyoni, na alipokuja kumuuliza Straub, mlango ulishafungwa.

Chukua zile saa za hatua ya nne, uhesabu kurudi nyuma. Kama akiba inahitaji siku tisa kufika mashariki, na mashariki itavumilia siku 14, basi siku ya tano ya vita ndiyo ya mwisho kutoa amri. Iandike. Kisha jiulize ni dalili gani zitakuwa mezani kwako siku hiyo ya tano. Usiwaze zile ambazo ungependa kuwa nazo, hesabu zile zinazoweza kupatikana kweli: treni za adui zinaelekea wapi, likizo zimefutwa, hospitali za uwanjani zinahamia wapi, benki ya damu, mafuta. Panga dalili tatu au nne, na uamue leo kwamba mbili zikionekana akiba inakwenda mashariki bila mjadala. Mjadala mfanye sasa, mkiwa mmekunywa chai na hakuna anayelipigia simu baraza la mawaziri.

Na kama siku ya tano ikifika dalili hazijaonekana? Akiba ibaki pale kwenye makutano ya reli, hata kama kamanda wa magharibi anaililia. Kukaa bila kazi ndiyo kazi yake.

Hatua ya nane: amri iwe na kichwa kimoja

Makamanda wawili wa medani, mtu mmoja juu yao, na huyo mmoja ndiye mwenye akiba. Austria-Hungaria ilikosea hata hapa. Jenerali Potiorek, aliyekuwa na kisasi na Serbia kwa kuwa Mwanamfalme Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo chini ya ulinzi wake, alipata mwezi Agosti uhuru wa kuamrisha Balkan mwenyewe kupitia watu wake wa ikulu. Medani iliyopaswa kungoja ikawa inashambulia, na ikashindwa.

Hata pale ambapo kichwa ni kimoja, medani inayongoja itavuta. Marekani iliamua Ujerumani kwanza, lakini mwaka 1942 ulipokwisha ilikuwa imepeleka askari wengi wa nchi kavu kuikabili Japani kuliko Ujerumani. Kisiwa fulani kilihitaji ulinzi, Australia ilihitaji kutulizwa, kila ombi lilikuwa na haki yake. Kwa hiyo weka siku moja kila mwezi ya kuhesabu kilichokwenda wapi hasa, na uilinganishe na karatasi ya ukutani.

Hatua ya tisa: mpe mtu kazi ya kuuvunja

Cheza mpango mezani angalau mara tatu. Mara ya kwanza maadui waje kwa mpangilio unaoutarajia. Mara ya pili aanze yule uliyempanga angoje. Mara ya tatu ushindi wa haraka usipatikane, siku 40 zipite na medani ya kwanza iwe bado inawaka. Mara hii ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi, na ndiyo ambayo wapangaji wa Ujerumani kabla ya 1914 hawakuwa na jibu lake, kwa kuwa hesabu yao yote ilitegemea kuimaliza Ufaransa ndani ya wiki sita hivi. Anayecheza adui awe mtu anayetaka kushinda kweli. Usimpe mtu anayekuogopa.

Hatua ya kumi: panga kuhama, na usiitupe ratiba ya pili

Medani ya kwanza ikifungwa, jeshi lako halitakuwa lile lililoanza. Litakuwa limechoka, vifaru vimekwisha injini, wanajeshi wanawaza nyumbani. Kuhama kunahitaji mpango wake. Kielelezo bora ninachokijua ni cha Wasovieti mwaka 1945. Kwenye mkutano wa Washirika huko Yalta waliahidi kuingia vitani dhidi ya Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Ujerumani ilisalimu amri Mei, na tarehe 9 Agosti watu wapatao milioni moja na nusu waliingia Manchuria. Katikati ya tarehe hizo kuna reli ya Siberia, zaidi ya kilomita 9,000. Hata uchaguzi wa vikosi ulikuwa wa makini: majeshi yaliyovunja ngome za Prussia ya Mashariki yalipelekwa mbele ya ngome za Wajapani, na yaliyozoea milima ya Karpati yakapewa safu ya Khingan.

Ratiba ya medani ya pili iandikwe upya kila mwaka, pamoja na ile ya kwanza, hata kama hakuna anayedhani itatumika. Ujerumani ilikuwa na mpango kamili wa kupeleka nguvu zake kuu mashariki, ikauacha mwaka 1913. Jioni ya tarehe 1 Agosti 1914 ilikuja habari, ambayo baadaye ilionekana si sahihi, kwamba huenda Ufaransa isingeingia vitani. Kaizari Wilhelm alimgeukia Moltke, akamwambia basi jeshi lote lielekezwe mashariki. Moltke alijibu kwamba haiwezekani. Treni za magharibi zilikuwa na ratiba hadi ya dakika, na za mashariki, kwa mwaka ule, hazikuwa na ratiba yoyote kwenye kabati.